Menyu ya DVD ya harusi: uifanye pana au mraba? Nimelinganisha zote kwa TV za kisogo

Mimi hurekodi harusi hapa Amu, yaani Lamu, sanasana upande wa wanawake, yaani hina, vugo (ngoma ya wanawake ya kugonga pembe) na kupamba, na kila nikisema bado natoa DVD watu wa bara hushangaa. Anayezijua harusi zetu hashangai. Siku ya kupamba bi harusi amekaa juu, hana buibui, nywele wazi, na mashoga zake hivyo hivyo, na hakuna familia itakubali zile picha zipandishwe mtandaoni ama zirushwe kwa WhatsApp zikapite mikononi mwa kila mtu. Diski inakaa kabatini kwa mamake, anayetaka kuiona anakuja nyumbani, anakaribishwa, mlango unafungwa, anaonyeshwa. Kwa hivyo DVD kwetu ina kazi yake, na menyu ya DVD ndo mlango wa ile diski, nayo imenisumbua sana mpaka nikakaa nikazijaribu njia zote moja moja.

Tatizo lenyewe ni hili. Kamera za siku hizi zote zinatoa picha pana, 16:9. Vijana wana TV bapa, hawana neno. Lakini yule nyanya mwenye hamu na hii harusi kuliko watu wote yuko Matondoni ama Siu ama Faza, na TV yake ni ile nene ya kisogo, inchi 14 au 21, ya 4:3, ambayo mimi naiita mraba kwa sababu iko karibu na mraba, alikuwa nayo toka kabla analogi haijazimwa 2015, akaongezewa dekoda maisha yakaendelea. Sasa diski ni moja na TV ni za maumbo mawili. Filamu yenyewe haina tabu sana, itaonyeshwa na mikanda myeusi juu na chini basi. Tabu iko kwa menyu, kwa sababu menyu ina vitu vya kuchagua na mtu ana rimoti mkononi.

Kuna diski moja niliitoa, menyu yake pana, maneno matano yamepangwa kutoka juu kushuka chini, na kila neno lina mstari wa dhahabu chini yake unaowaka ukilifikia kwa rimoti. Kwa kompyuta yangu ilikuwa safi kabisa. Siku ya tatu nikaitwa Matondoni. Bi mkubwa amekaa kwa jamvi karibu na TV, rimoti anayo, akaniambia, "Ndoo uone mwanangu, siyui ni mato yangu au ni hini tivi." Nikachuchumaa nikatazama. Neno la kwanza, ule mstari wa dhahabu ulikuwa umepaa juu ya neno badala ya kukaa chini yake. Neno la katikati, mstari uko sawa. Neno la nne, mstari umeteremka ukawa karibu na neno la tano kuliko la nne lenyewe. Na la tano, mstari umeangukia kwenye mkanda mweusi kabisa, uko peke yake gizani. Kwa hivyo yeye akitaka Kupamba, ambalo ndo la mwisho, anaona mstari umekaribia Kupamba, anabonyeza, inafunguka Vugo. Amefanya hivyo jioni nzima akidhani ni macho yake. Iliniuma, manake macho yake yalikuwa yanaona sawasawa, kosa lilikuwa kwa diski.

Na sababu yake ukishaijua huisahau. Fremu ya DVD yetu huku, ya PAL, ule mfumo wa TV unaotumika huku, ni pikseli 720 kwa 576, iwe menyu pana iwe mraba, namba ni hizo hizo. Picha pana inabanwa kwa ubavu iingie humo, halafu TV pana inainyoosha tena. Kwa TV ya mraba deki inafanya kazi nyingine: inaibana ile picha kwa urefu, mistari 576 inakuwa 432, zinabaki 72 juu na 72 chini nyeusi. Hiyo ndo letaboksi. Lakini ile alama ya kuchagua, yaani ule mstari wa dhahabu, sio sehemu ya picha, ni kipande chembamba cha rangi nne tu kinachobandikwa juu ya picha ikishabanwa. Picha inabanwa, alama haibanwi. Chukua namba ya mstari wowote wa picha ukihesabu kutoka juu, zidisha kwa 0.75, ongeza 72, hapo ndipo picha itakapokwenda. Kitu kilichokuwa mstari wa 490 kinapanda mpaka 439 na nusu, alama yake inabaki 490. Cha mstari wa 288, katikati kabisa, kinabaki 288, ndo maana neno la katikati lilikuwa sawa. Kwa hivyo mteja akikwambia katikati iko sawa lakini juu na chini zimeachana, usianze kutafuta ugonjwa mwingine.

Haya sasa njia zenyewe.

Menyu pana, na alama za aina mbili

Hii ndo njia ya wenye mpango wenyewe, kanuni za DVD zinairuhusu. Kwa menyu ya 16:9 unaweza kuweka alama za TV pana kando na alama za letaboksi kando, kila moja imepimwa mahali pake, na deki inachagua kulingana na ilivyosetiwa. Gharama yake ni idadi ya vitufe: menyu ya seti moja ya alama inabeba mpaka vitufe 36, ukiweka seti mbili inashuka 18, ukiongeza na ya tatu ya panskeni, yaani deki ikikata mbavu za picha, inakuwa 12. Kwa menyu ya harusi vitufe 12 vinatosha na kubaki, sijawahi kuona mtu anataka zaidi ya saba.

Uzuri wake, kwa TV pana inajaa kioo chote, na kutoka menyu kuingia filamu hakuna kurukaruka kwa umbo. Ubaya wake ni programu. Zingine zinakutengenezea zile seti mbili zenyewe, zingine zinakupa seti moja tu na hazikwambii kitu, unakuja kuambiwa na bi mkubwa Matondoni. Ile ya bure inayoitwa dvdauthor inakubali, lakini lazima uiandikie mwenyewe mkondo wa alama pana na mkondo wa letaboksi, na uongeze lile neno nopanscan ili deki isije ikakata mbavu za menyu. Ni kuandika kwa mkono, lakini ukishaandika mara moja unalikopi lile faili kila harusi, unabadilisha majina tu.

Ikiwa programu yako haiwezi na bado unataka menyu pana, kuna ujanja ninaoupenda sana: panga maneno yako yote kwa mstari mmoja wa kulala, katikati ya kioo, kwa ule urefu wa 288. Kwenda kushoto na kulia hakuna kinachohama kwa letaboksi, kinachohama ni juu na chini tu, na pale katikati hakuna kuhama. Badala ya mstari wa chini weka nukta ya mviringo pembeni ya neno, usawa wa 288 hasa. Kwa TV ya mraba ile nukta itaonekana imerefuka kidogo kama yai, basi, haina madhara. Ila maneno yawe machache, manne ama matano mafupi, ukizidisha yanabanana.

Maandishi nayo yanapoteza robo ya urefu wake kwa letaboksi. Hapa nataka nitulie kidogo kwa sababu kila menyu ya harusi yetu inaanza na Bismillahi, na watu wanaipenda ile ya kalamu nyembamba yenye mapindi. TV ya kisogo huchora picha kwa zamu, mistari ya witiri kwanza halafu ya shufwa, kwa hivyo kitu chenye unene wa mstari mmoja kinaonekana kwa zamu moja tu na kinametameta. Nukta za herufi ndo zinazoumia kwanza. Nukta ya mistari miwili ikibanwa inabaki mmoja na nusu, na ba inaanza kusomeka kama herufi isiyo nukta. Kwa menyu pana mimi sasa sikubali unene chini ya mistari minne mahali popote pa maandishi, na nukta nazikuza kwa mkono, moja moja. Inachukua saa nzima. Ni jina la Mungu, linastahili saa nzima.

Menyu mraba, filamu pana

Wengi hawajui kwamba hii inaruhusiwa. Menyu ina taarifa zake na filamu ina zake, kwa hivyo menyu inaweza kuwa 4:3 na filamu ikawa 16:9 ndani ya diski hiyo hiyo moja. Usichoweza ni kuchanganya filamu ya 4:3 na ya 16:9 ndani ya fungu moja la filamu, hizo zinataka mafungu mawili. Hii inakuja sana mtu akikuletea mkanda wa zamani wa harusi ya mamake uunganishwe na ya bintiye.

Kwa TV ya kisogo menyu mraba haina mpinzani. Inajaa kioo, maandishi hayabanwi, alama moja tu na iko mahali pake hata deki iwe imesetiwa vipi. Hilo la mwisho ni kubwa, manake deki nyingi majumbani ziliachwa zilivyotoka kwa boksi ama kuna mtoto aliingia akabofyabofya, iko 16:9 na TV ni ya mraba, na filamu yote watu wamekuwa warefu wembamba kama milingoti. Menyu ya 4:3 hata hapo inabaki sawa, mtu anachagua vizuri, halafu lile la filamu unamwelekeza kwa simu.

Kwa TV pana ndo inapoteza. Itaonyeshwa na nafasi nyeusi mbavuni, ama TV iliyowekwa kunyoosha kila kitu itawanenepesha watu. Ukiingia filamu umbo linabadilika, na kwa waya wa AV ule wa manjano, nyekundu na nyeupe, mara nyingi TV haipati habari kwamba umbo limebadilika, inabidi mtu aguse rimoti ya TV. Vijana hawaoni tabu kufanya hivyo. Bi mkubwa hataki rimoti mbili.

Sasa video pana unaiingizaje kwa menyu mraba? Watu hufanya makosa hapa, wanaitupa tu ndani na programu inaibana, bi harusi anatoka amekonda. Kuna mambo mawili ya kufanya. La kwanza kukata: ukifanya kazi kwa kipimo cha pikseli za mraba, picha pana ni 1024 kwa 576, na mraba ni 768 kwa 576, kwa hivyo unaacha pikseli 256, na si lazima uache 128 kila upande, wewe ndo unaamua uache kushoto ama kulia kwa kila shoti. Shoti ya mikono ya hina inakatika vizuri sana. Shoti ya wanawake wamejipanga kwa vugo, na pembe zao za kugonga, ukiikata umeiua, utamu wake ni ile safu nzima.

La pili, na hili ndo nalitumia karibu kila mara, ni kuifanya video iwe kipande ndani ya menyu. Kwenye turubai ya 768 kwa 576 naiweka video pana kwa 640 kwa 360, juu kidogo ya katikati, haikatwi wala haibanwi. Zinabaki mistari 216 ya urefu, na badala ya kuiacha nyeusi naijaza nakshi. Nilipiga picha mlango mmoja wa zamani huku Mkomani, ile miimo yake ya maua, nikaififisha, nikaiweka nyuma. Maneno yanakaa chini ya video juu ya nakshi, na mtu anaona kama video imetiwa fremu, hakuna anayeuliza mbona si pana.

Ila kabla hujaipunguza video kuwa kipande, kama kamera yako ilirekodi kwa zamu za mistari, iondolee zile zamu kwanza. Ukiipunguza nazo zinachanganyika, na kila mtu akipunga mkono unaona meno ya kitana pembeni ya mkono. Na kama una kipande cha kamera ya zamani ya DV angalia zamu ipi inaanza, DV inaanza na ya chini na kamera nyingi za HD zinaanza na ya juu, ukizichanganya picha inatetemeka mbele nyuma. Kwa kompyuta huoni kitu. Kwa TV ya kisogo kichwa kinauma.

Kila kitu mraba, mikanda imechomewa

Yaani unachukua filamu pana unaiweka ndani ya 4:3 na ile mikanda nyeusi ikiwa sehemu ya picha yenyewe. Kwa TV ya kisogo inaonekana kama letaboksi ya kawaida, deki haiulizwi chochote, na menyu ya mraba inaendana nayo. Mafundi wengi huipenda hii kwa sababu hakuna simu itakayokuja.

Mimi siipendi na nasema wazi. Ile mistari 72 juu na 72 chini umeitupa milele, robo ya picha ya harusi ya mtu. Na hiyo diski ikiingia kwa TV pana, picha inakaa katikati kama kipande cha karatasi, nyeusi pande zote nne. TV ya bi mkubwa iko siku itakufa, ataletewa bapa na mjukuu, na diski atakayoiweka ni hii hii. Naitoa tu mteja akisema mwenyewe, deki yake ni mbovu haina hata setapu na TV yake hiyo moja, na hata hapo namwekea nakala ya pili pana chini ya ile ya kwanza.

Kukata, na ile ya kati ya 14:9

Ya nne ni kuiacha deki ikate yenyewe, panskeni. Inachukua 540 katikati ya zile 720 na kutupa 90 kila upande. Kwa menyu ni hatari tupu, kitufe kilicho pembeni kinapotea na mtu anabonyeza asichokiona. Kwa filamu nayo, bwana na bi harusi wakikaa ncha mbili za kochi, linabaki kochi. Usiitegemee.

Kuna ya kati kwa kati ambayo BBC ya Uingereza waliitumia kuwapelekea watu wa analogi walipokuwa wanahamia picha pana: 14:9, unakata kidogo mbavuni na unaacha mikanda midogo juu na chini, kwa PAL ni kama mistari 41 kila upande. Kwa ile video ya nyuma ya menyu mraba inapendeza, hasa kama hutaki nakshi, macho hayaisikii sana ile mikanda. Nimeitumia kwa Maulidi, maandamano ya matwari, ambapo pembeni kulikuwa na ukuta tu.

Sasa uchague ipi?

Uliza swali moja kabla hujafungua kompyuta: diski hii itakaa nyumba gani na TV ya nyumba hiyo ni ya namna gani. Mimi sasa huuliza siku ya kulipwa arubuni. Kama ni nyumba ya bi mkubwa mwenye TV ya kisogo, ama hujui itazunguka nyumba ngapi, menyu mraba na filamu pana, usifikirie mara mbili. Hata kwa TV pana ile menyu itakuwa na mbavu nyeusi kwa sekunde kumi, halafu anaingia harusini amesahau. Kama ni ya bi harusi mwenyewe na nyumba yake mpya ina TV bapa, menyu pana yenye alama mbili, au ile ya mstari mmoja wa 288 kama programu yako haifiki huko. Familia nyingine huchukua nakala zote mbili na bei haizidi sana, kwa sababu filamu ni ile ile, unabadilisha menyu tu.

Yoyote utakayochagua, maneno yasikaribie kingo. TV za kisogo zinameza pembeni, kila moja kwa kiasi chake, kwa hivyo maneno yote yakae ndani ya asilimia 80 ya kioo, kwa fremu ya 720 kwa 576 ni eneo la 576 kwa 460 hivi. Na nyekundu kali ya hina ipunguze, kwa waya wa AV inavuja kando ya herufi, tumia ile ya kahawia iliyokolea.

Usijaribu kwa kompyuta. Kompyuta inaonyesha menyu pana kama pana siku zote, hutaiona ile alama ikihama hata uitazame mwezi mzima. Mimi nilinunua TV ya inchi 14 kwa mtu anayehama, nimeiweka kwa meza na deki moja ya zamani. Nachoma diski ya kufutika, nabadilisha setapu mara tatu, 4:3 LB (letaboksi), 4:3 PS (panskeni), halafu 16:9, na kila mara napita vitufe vyote juu mpaka chini kwa rimoti, nabonyeza, nahakikisha kimefunguka nilichokibonyeza. Robo saa. Halafu ndo nachoma ya mteja.

Na ndani ya kava nabandika kikaratasi, kwa herufi kubwa: kama watu wameonekana wembamba bonyeza SETUP, tafuta TV TYPE, weka 4:3 LB. Bi mkubwa wa Matondoni nilimpelekea diski mpya ya menyu mraba, nikamsetia deki mwenyewe, akabonyeza Kupamba, ikafunguka Kupamba, akaita majirani.